Mkono Juu ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi
Nimevunja nembo. Nilikuwa natundika picha yangu ya kampeni juu ya mlango wa nyumba yetu ya wanafunzi wa udaktari, nyundo ikaponyoka, mkono wa plasta ukaanguka. Vipande! Mkono wenyewe wa Daktari Mkono, bingwa wa mifupa aliyeipa jina Nyumba ya Mkono. Ijumaa bintiye, daktari mstaafu, ni mgeni wetu, na jioni tunachagua kiongozi. Mpinzani wangu ni Kamusi, mwenzangu wa chumba. Yeye ana majibu. Mimi nina kipaji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeufunga mkono wangu wa kulia bendeji za plasta. Plasta ikikauka nitauchomoa, nembo tayari. Tena mzuri kuliko wa marehemu, tuseme kweli. Kamusi kauliza mbona sikutanguliza pamba. Nikamjibu pamba ni ya wagonjwa. Akasema haya, shauri yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Hautoki. Vinyweleo vyote vimenasa. Kamusi kaniambia twende chumba cha plasta hospitalini, ganda likakatwe kwa msumeno. Nembo ya nyumba, ikatwe? Nimekataa kwa heshima zote. Nimekula uji kwa mkono wa kushoto, nusu umeingia shingoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisimama juu ya meza, ndani, nikapitisha mkono kwenye tundu la hewa juu ya mlango. Nje wenzangu wakaimba wimbo wa nyumba. Mgeni akasema mkono ule ndio uliomfundisha kumgusa mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa. Nililia kwa fahari. Kisha akaomba kiti, akapanda, akabonyeza ukucha uliochungulia, akatazama rangi ikirudi. Akawatangazia watu kwamba damu inatembea vizuri, ila baba yake alizikwa zamani, kwa hiyo aletewe msumeno.
Walicheka mpaka wakakaa chini. Kamusi akakata taratibu, akaunganisha ganda, akalitundika. Akachaguliwa kwa kura zote isipokuwa yangu.
Lakini uongozi ni wa mwaka mmoja. Mkono ulio mlangoni ni wangu, na wote watapita chini yake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeutazama tangu asubuhi. Mzuri, ila mpweke. Mkono bila kichwa una maana gani? Nimekwisha lowanisha bendeji. Kamusi kauliza pamba iko wapi. Nimemkumbusha: pamba ni ya wagonjwa.