Sufuria Ndiyo Barua Yangu

Jumatatu, 6 Juni 1966

Nimeamua. Nitamchumbia Selpha, yule nesi jirani yangu hapa mtaa wa West Indies. Kwa mdomo? Thubutu! Akitokea tu, ulimi wangu unaganda. Lakini mimi ni mpishi. Miaka tisa nilimpikia mzungu kule Kapseret, mpaka akauza shamba akaenda zake. Nitasema kwa sufuria. Nimemwalika Jumatano, kwa samaki. Kwetu Nyeri samaki hatumjui, ila kwao ziwani ndiye chakula.

Jumatano, 8 Juni

Samaki ngege kwa nyanya na maziwa. Nilikoroga mchuzi nikimuwaza Selpha, nusura nilie. Kichwa nilikitupa, kama memsahib, mke wa yule mzungu, alivyonifundisha: samaki asimkodolee mgeni macho.

Selpha akafunua bakuli. Akageuza huku, akageuza kule. Akauliza kichwa amepewa nani, maana kwao kichwa ni cha mgeni wa heshima. Nikasema ukweli. Paka.

Alikula kidogo, akaaga. Paka bado anajilamba, mshenzi.

Ijumaa, 10 Juni

Ouma, karani wa stesheni, amempelekea Selpha ngege mzima, kichwa na mkia! Anajipendekeza tu. Nimekasirika, na hasira yangu nimeipika: mchuzi wa mbuzi, pilipili kumi na saba. Nikampelekea Ouma mwenyewe. Leo atanijua!

Jioni amerudisha bakuli, jasho likimtiririka. Akanishukuru sana. Eti mafua ya wiki mbili yamezibuka. Akaomba mwingine, amwonjeshe Selpha. Nikampa. Ningefanyaje? Mpishi akisifiwa hanyimi.

Jumapili, 24 Julai

Sijaandika wiki sita. Nilikuwa jikoni. Kila Ijumaa nilimwongezea Ouma pilipili, na kila Ijumaa alimwita Selpha wale pamoja.

Leo wamekuja wote wawili baada ya kanisa. Wanaoana Agosti! Selpha akasema mchuzi wangu ndio uliowakutanisha: walikuwa wakila sahani moja, wakilia pilipili na kuchekana. Moyo wangu ulipasuka. Halafu akaniomba nipike harusini, kwa sababu hajaona mtu anayetia moyo kwenye chakula kama mimi.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Wali wa majonzi, nyama ya huzuni, kachumbari ya kuliza kanisa zima! Akimeza tonge la kwanza tu ataelewa kila kitu, amwache Ouma hapo hapo mezani.

Kesho nampelekea fundi kitambaa cha suti. Bwana harusi hawezi kuvaa aproni.