Hewa Ukaa Ilivyopungua Karatu

Kwa niaba ya Kamati ya Hewa Safi na Maisha Bora ya mji wa Karatu, mimi Katibu nautangazia umma kwamba hewa ukaa ilianza kupungua mjini Jumanne ile alipofariki Sebastian, dereva wetu.

Nisieleweke vibaya. Moshi hakuwa anautoa yeye. Ulikuwa unatoka kwenye gari la Kamati, na gari hilo lilikuwa haliwaki mpaka Sebastian alibembeleze kwa Kirombo. Kirombo sisi wengine hatukijui, wala kuendesha hatujui. Kila asubuhi alinipitia nyumbani, akapiga honi mara moja. Nyumba yangu na ofisi zinaonana, lakini Kamati ya kupunguza moshi haiwezi kufika kazini ina vumbi miguuni.

Kazi zetu zilikuwa nzito. Tuliwazungukia mama lishe kuwaeleza ubaya wa mkaa, huku gari likinguruma nje, maana likizimwa hatuna uhakika kama litawaka tena. Tuliwapongeza watembea kwa miguu kupitia dirishani. Kila wiki tulikwenda Arusha kwenye warsha ya kupunguza safari.

Jumanne hiyo mjane wake, Bernadina, alitukuta kikaoni kabla hatujamaliza chai.

"Shikamoo Mwenyekiti. Naomba gari nimpeleke Sebastian kwao Rombo."

Watu wa kwao hawazikwi ugenini. Hurudi kihambani, kwenye migomba ya baba zao, hata kama wameishi Karatu mpaka wakajua kutukana kwa Kiiraqw.

Mwenyekiti wetu, Mzee Nehemia, alivua miwani kwa majonzi ya kiofisi. "Marahaba. Pole sana mama. Tatizo ni sera. Gari la mradi liende Rombo na kurudi, hewa ukaa yote hiyo…"

"Moshi mwingine utakuwa wa Rombo, si wetu," alisema Jackline, mtaalamu wetu wa mazingira, akijaribu kusaidia.

"Tena tutakuwa tumesafirisha uchafuzi! Hapana. Kamati inapendekeza marehemu azikwe hapahapa. Utakuwa unamtembelea kwa miguu, mama. Maisha bora ndiyo hayo."

Bernadina alifunga khanga yake vizuri kiunoni. "Mzee, mama yako ulimzika wapi?"

"Kwetu Machame."

"Alipelekwa na nani?"

Wote tulikuwepo. Sebastian ndiye aliyeendesha, kwa gari hilohilo, polepole njia nzima.

"Wakati ule sera ilikuwa haijapitishwa," alisema Mwenyekiti.

Kwenye muhtasari niliandika: Mjane ameelewa.

Hakuelewa. Alikwenda sokoni, akapata lori la vitunguu vya Mang'ola, ambalo huenda Tarakea mpakani hata kama hakuna aliyekufa. Mwenye lori, Parsimei, alimwambia, "Dada, Rombo ni njiani. Sebastian amenivuta kutoka kwenye matope mara nyingi mpaka nikaona aibu. Tutamweka juu."

Siku ya safari, Kamati ilikubaliana kwa kauli moja kwamba heshima ya marehemu inadai tuwakilishwe, na kwamba tutakwenda na gari. Sera ilikuwa haijasema chochote kuhusu walio hai. Tulivaa suti, tukapanda, tukafunga milango. Mwenyekiti alikaa mbele kushoto, mahali pake. Tukasubiri.

"Huyu Sebastian naye," alisema Mwenyekiti akitazama saa, "hata leo anachelewa."

Alijisikia mwenyewe alichosema, akavua kofia.

Tulishuka, tukatembea mpaka sokoni. Vijana wa kijiweni walitupokea vizuri: "Oya, cheki waheshimiwa! Leo wanapunguza hewa ukaa laivu!"

Jeneza lilikuwa juu ya magunia, waombolezaji wamelizunguka. Bernadina alikuwa ameketi mbele na Parsimei. Alimtazama Mwenyekiti kupitia dirishani.

"Mzee, ukipanda wewe moshi utaongezeka kiasi gani?"

Mwenyekiti alimgeukia mtaalamu.

"Hauongezeki," alisema Jackline kwa sauti ndogo. "Lori linakwenda tu."

"Basi pandeni. Nyuma."

Mwenyekiti alikaa juu ya gunia mpaka Rombo, mkono mmoja ameshikilia jeneza lisiteleze. Vitunguu vilimtoa machozi kuanzia Mto wa Mbu. Wazee wa Rombo wakasema hawajaona bosi aliyempenda dereva wake namna hiyo, wakampa nafasi ya kuongea kaburini. Alisimama, akafungua mdomo, akalia. Wakati huo lori lilikuwa limeshaondoka na vitunguu vyake.

Ripoti yetu ya mwaka ilikuwa nzuri kuliko zote. Moshi umepungua. Wajumbe wamepungua matumbo. Mama lishe wanatujua kwa majina, kwa kuwa siku hizi tunapita kwao na njaa. Wafadhili waliuliza ni mbinu gani tumetumia. Mwenyekiti aliniambia niandike "mkakati shirikishi". Niliandika: Dereva wetu amefariki. Aliisoma mara mbili, akaisaini.

Nafasi ya Sebastian haijajazwa. Gari liko uani, kuku wanalala chini yake. Asubuhi naondoka nyumbani bila honi, naenda kazini kwa miguu. Ufunguo ninao mimi. Sijui kuendesha.