Viatu Namba Saba, Miguu Namba Tisa

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, tena mchana kweupe. Nawaandikia ninyi wenzangu wa kiwanda cha pamba kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana Masinya na Tororo hazifichani kitu.

Mnajua leo ndiyo siku niliyokwenda Masinya, kwa kina Nabwire, kutazamwa kama mchumba. Baba yake alishamkataa karani mmoja kwa kosa la kuchekacheka ovyo. Mimi sikutaka kubahatisha. Jumatano nilinunua viatu hapa Tororo, vyeusi, vimechongoka mbele, ving'aavyo kiasi cha kunyolea ndevu. Mguu wangu ni namba tisa. Mwenye duka alikuwa na namba saba tu. Akasema ngozi ya kweli huachia yenyewe. (Nikaamini. Karani mzima, ninayepima pamba ya watu kila siku!)

Dada yangu alinishauri niende na akala zangu za tairi, zilizonizoea. Nikamwambia karani hachumbii kwa tairi.

Nikapanda basi hadi Busia, kisha nikakata njia ya Masinya kwa miguu. Sikuwa mjinga kabisa. Nilitembea na akala, viatu nikavifunga kwenye gazeti na kuvibana kwapani, kama sote tunavyofanya tukienda kanisani. Nilipoliona boma lao nikaingia kwenye shamba la mihogo, nikajifuta vumbi, nikavaa viatu kwa msaada wa kijiko cha chai. Akala nikazificha chini ya majani. Nilikuwa nimesahau kwamba mguu uliotembea saa mbili huvimba.

Kutoka mihogoni hadi mlangoni ni hatua sitini na moja. Nilizihisi zote. Nilitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, na wanawake waliokuwa wakizungumza jikoni wakachungulia mlangoni.

Aliyenipokea ni senge, shangazi yake Nabwire, ambaye ndiye mkaguzi wa wachumba wote wa ukoo ule. Akaniketisha, akakaa mbele yangu, macho yakielekea chini. Akauliza habari za wazazi, za kanisa, za kazi. Mwishowe akatoa la moyoni.

"Kijana, wewe nakuja kuoa na mguu gani? Hii yote naumwa."

Nikasema miguu yangu mizima. Akamgeukia kaka yake Nabwire na kumwambia jambo kwa Kisamia. Nilishika neno moja tu, nalo ni funza. Hebu fikirieni! Mtu aje kuposa akisemwa vidole vyake vimejaa funza, yaani kwao hata maji ya kunawa hawayajui! Nabwire alikuwa ameingia na karai la kunawia mikono. Aliposikia neno lile akaliweka chini, akaniangalia, machozi yakimlengalenga. Hapo niliumia kuliko viatu vyote vya dunia. Nampenda yule msichana, na nilikuwa namvunjia heshima kwao.

"Toa kiatu, tuone," senge akasema.

Nikavuta. Hakikutoka. Kaka mtu akanishika makwapani, senge akashika kisigino, wakavutana kama wanang'oa kisiki. Kiatu kikatoka mara moja. Senge akaketi ndani ya karai. Mimi na kiti tukaenda chini, mguu juu, na soksi yangu (iliyotoboka, kwa nini nisiseme ukweli) ikatoa vidole viwili kuwasalimu watu.

Ndipo baba yake Nabwire akaingia, akala zangu mkononi.

Nabwire aliwahi kuniambia kwamba baba yake hutengeneza vitu vya kuuza soko la Busia. Sikuuliza vitu gani.

"Nani ametupa kazi yangu kwa mihogo?" mzee akauliza. Akazigeuza, akaonyesha misumari aliyoigongelea mwenyewe. "Mwenye hii alikuwa na akili. Huyo ningempa binti."

Nikajibu nikiwa chali: "Ni zangu, mzee."

Senge, sketi ikichuruzika maji, akang'oa na kiatu cha pili, akakagua vidole vyangu kimoja kimoja hadi akaridhika. Nyuma ya ukuta wa jikoni nikamsikia mama mkwe akicheka mpaka akakohoa. Mzee akaniamuru nivae akala, niende hadi mlangoni na kurudi. Nikaenda, nikarudi.

"Sasa kijana natembea," akasema. Akavunja kijiti sawa na urefu wa wayo wangu, akakichomeka kwenye paa. "Akala ya harusi nitakata mimi."

Nabwire akacheka, akajifuta macho. Nimekubaliwa, jamani!

Vile viatu amebaki navyo senge. Vimemkaa sawasawa.

Kwa hiyo mwezi wa nane bwana harusi ataingia kanisani na tairi la lori, na senge ataketi kiti cha mbele aking'aa. Nawaomba msicheke. Atakayecheka, senge atamvua viatu.