Kisogo cha Kaloki

Jumatatu, 3 Agosti

Baridi kali hapa Kikima. Ukungu mpaka saa nne. Mteja mmoja tu kibandani, na hakuwa na simu ya kutengenezwa, alikuwa anaulizia njia ya Mbooni. Hata hivyo siku njema sana. Leo nimepata silaha.

Niandike vizuri. Jumapili kwaya yetu inaenda Makindu kuimba kwenye mkutano wa makanisa. Gari ni dogo, kwa hivyo Mwalimu Nduku, anayetuongoza, ameamua tutabeba kayamba moja tu, nayo itasimama mbele. Wapiga kayamba tuko wawili. Wa kwanza ni Kaloki, yule seremala. Wa pili ni mimi, Nthiwa. Wa kwanza husimama mbele ya watu wote. Wa pili husimama nyuma ya besi, mahali ambapo hata malaika wa kuandika majina angepita bila kumwona.

Hilo lisingenikosesha usingizi kama si Syokau. Alikuwa anaimba alto hapa kabla hajaenda Makindu kufungua duka la kushona. Tumekuwa tukiongea kwa simu tangu Pasaka. Mwezi uliopita niliteleza nikamwambia kwamba siku hizi kayamba ya kwanza ni mimi. Alifurahi kupita kiasi. Akasema Jumapili atakuja, na atakaa mbele kabisa. Nisiposimama mbele nitaitwa mwongo, na nitampoteza. Mwanamke wa kucheka na mimi saa nzima kwenye simu sitampata tena, najijua.

Asubuhi nikaenda kwa Sufian, jirani yangu mwenye duka la dawa, kuuliza kama kuna tembe za kuongeza kasi ya vidole. Akasema hakuna. Lakini hakukuwa na wateja, kwa hivyo akanifundisha ubongo. Nimeshika yote. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji la uso, ndio wa kufikiria na kupanga. Ukijifunza kazi mpya, huo ndio unaoamrisha mkono pole pole, na amri inashuka kwa uti wa mgongo mpaka kwa vidole. Ukishazoea, kazi inahamia kwa ubongo wa nyuma, huku kwa kisogo, ambao unafanya haraka bila kuuliza mtu. Halafu akasema neno la dhahabu. Fundi akianza kufikiria mkono wake unavyofanya, ubongo wa mbele unaingilia ule wa nyuma, na kazi inaharibika.

Nilimshukuru nikanunua Panadol, kwa adabu tu. Kaloki ana kisogo kizuri sana. Kazi yangu ni kumwamsha paji la uso.

Jumanne, 4 Agosti

Silaha hujaribiwa kwanza. Nikaijaribu kwa Mwaitu, mama yangu mzazi.

Mwaitu husuka kiondo huku akitembea, huku akikuna mgongo kwa mti wa mlango, huku akisema habari za nusu ya soko. Haangalii vidole. Jioni alikuwa amefika patamu kwenye kisa cha mke wa shemasi nilipomuuliza polepole, uzi ule wa kushoto unaushika na kidole gani kwanza, na unajuaje saa ya kuuachilia?

Akaanza kunijibu. Akanyamaza. Akaangalia vidole vyake kana kwamba ni wageni waliokuja bila kupiga simu. Akafumua. Akasuka. Akafumua tena. Kisa cha mke wa shemasi kikafia hapo hapo, na mpaka sasa sijui mwisho wake. Hilo tu ndilo linaloniuma.

Alipogundua ninatabasamu alinifukuza jikoni. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nadhani methali hiyo ilitungwa na watu wasiokuwa na koleo zuri. Ninalala na nusu sahani ya muthokoi na furaha nzima.

Jumatano, 5 Agosti

Mazoezi ya kwaya. Kaloki alipiga wimbo wa kwanza vile hupiga siku zote, akiangalia dirisha, kayamba ikiteremka na kupanda mikononi mwake kama mtu anayepepeta mbaazi. Wivu ulinishika. Nauandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Wakati wa chai nikamkaribia. Nikamwambia ninamheshimu sana na ningependa kujifunza. Ukigeuza kayamba, ni kifundo cha mkono kinaanza au ni kidole gumba? Na gumba la kulia linajuaje la kushoto limemaliza?

Kaloki si mtu wa majivuno. Ni mtu wa kusaidia, na hapo ndipo nilipompatia. Akaweka kikombe chini akafikiria kwa moyo wake wote. Akasema hajawahi kujiuliza. Akasema ngoja nione.

Aliporudi kupiga, aliona. Kayamba ilikohoa. Soprano wakaingia mapema, besi wakakosa pa kuingilia, Mwalimu Nduku akashusha mikono na kumuuliza kama ni mgonjwa. Kaloki akasema hapana Mwalimu, ni gumba. Nilitazama sakafu mpaka nikaweza kutazama watu.

Alhamisi, 6 Agosti

Kaloki alikuja kibandani mapema, macho mekundu. Hajalala. Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuona ugonjwa, nimsaidie kuupima. Mtu akikuletea kuku mlangoni, unaenda sokoni kutafuta mwingine wa nini? Nikachukua kayamba yangu nikamfafanulia kila kitu. Kifundo. Kiwiko. Gumba la kulia. Pumzi. Nikaongeza na bega, ambalo sidhani lina kazi yoyote.

Alinishukuru sana. Akaenda kazini kwake, akiwaza gumba, akaweka msumari kwenye ubao, akaliangalia gumba vizuri, na akalipiga kwa nyundo.

Habari hiyo nilipewa na Sufian, ambaye alikuwa amemfunga bandeji.  Akaniuliza yale mambo ya ubongo nilikuwa nayatakia nini hasa. Nikasema elimu haina mwisho. Moyo uliniuma kidogo, nikampelekea Kaloki sukari na majani ya chai. Akanikaribisha kwa mkono mzuri na kusema mimi ni rafiki wa kweli. Hiyo iliniuma zaidi, lakini nilikunywa chai.

Kitu kimoja cha ajabu. Nikirudi nyumbani, kwenye ule mteremko wa kutoka sokoni, nilijikuta ninajiuliza ni kisigino kinachotangulia chini au ni vidole. Nikaanguka kwenye rundo la maparachichi la Mama Mbithe. Ameniambia nisinunue chochote, niondoke tu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeshinda! Mazoezi ya mwisho, na kayamba ya mbele ni yangu.

Kaloki alikuja na bandeji kubwa, akawekwa pamoja na waimbaji wa sauti ya tena. Mwalimu Nduku akaniangalia juu mpaka chini. Mwishowe akatangaza mbele ya wote kwamba atanichukua mimi. Akaeleza kwamba Kaloki alikuwa mzuri akaharibika, lakini Nthiwa hajawahi kuwa mzuri, kwa hivyo hakuna kilichoharibika. Watu walicheka. Mimi nilisikia sehemu ya kwanza tu, na ilinitosha.

Kupiga kwenyewe hakukuwa kubaya. Ila kila nikitaka kugeuza, kuna sauti ndani ya paji la uso inauliza, kifundo au gumba? Nikaiambia inyamaze. Ikauliza ni nani anayeinyamazisha.

Nilimpigia Syokau kumkumbusha akae mbele. Akasema hawezi kukosa hata kama mvua ya mawe itanyesha. Kulikuwa na kicheko fulani kwenye sauti yake. Ni upendo.

Jumapili, 9 Agosti

Usiku huu nimerudi Kikima na mwili wote unauma, na nina furaha. Nianzie mwanzo.

Tulifika Makindu tukiwa na njaa, tukapita kwanza kula kwa hekalu la Masingasinga, ambako wasafiri wote hulishwa bure. Kaloki alikula mpaka akafungua mkanda. Mimi nilishika chapati nikajiuliza, kumeza huanzia wapi? Sikumeza tena mpaka tulipofika mji wa Sultan Hamud, tukirudi.

Zamu yetu ikafika. Uwanja ulijaa. Syokau alikuwa mbele, kitambaa cha kijani kichwani, mzuri kuliko sauti yake. Mwalimu Nduku akainua mikono. Mimi ndiye wa kuanzisha.

Nikaliamuru gumba. Likauliza, la kulia au la kushoto? Nikakiamuru kifundo. Kikasema kinangoja gumba. Bega, ambalo halikuwa na kazi, likajitolea, na nikajikuta nimeliinua mpaka sikioni. Kayamba ilikaa mikononi mwangu kama sinia ya mhudumu aliyesahau ni meza gani iliyoagiza. Kimya. Mtoto mahali fulani akauliza mamake kama mtu huyo amekufa.

Halafu Kaloki akatoka kwenye safu ya waimbaji wa tena.  Akaichukua kayamba kutoka kwangu vile unavyompokea mgeni sahani, akanitazama usoni kwa wasiwasi wa kweli, na akaanza kupiga. Na bandeji yake! Alikuwa ananihofia mimi sana mpaka akasahau kwamba ana gumba. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Kwaya ikaingia, na uwanja mzima ukasimama.

Mimi nikabaki mbele mikono mitupu. Ningekimbia, lakini nilikuwa nimechoka kuamrisha viungo vyangu, nikaviacha vifanye vinavyotaka. Miguu ikaanza kucheza. Mabega yakafuata, kwa ule mtikiso wa ngoma za babu zetu. Sikuwaza kitu. Watu wakapiga vigelegele, na Syokau alicheka mpaka akajifunika uso na kile kitambaa cha kijani. Mwalimu Nduku baadaye alisema kwamba hilo halikuwa kwenye mpango, lakini lisiondolewe.

Baada ya ibada Syokau akaniita kando. Nikaandaa maelezo. Akasema nisijisumbue. Mwalimu Nduku ni shangazi yake, na tangu siku ile niliyomdanganya alikuwa anajua mimi ni kayamba ya pili. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuona nitafika wapi. Halafu akanitazama vizuri na kuniuliza, "Nthiwa, hebu nifunze. Wewe ukidanganya, ni ulimi unaanza ama ni macho?"

Nikafungua kinywa. Ulimi haukuja. Macho hayakujua pa kwenda. Nikajikuta nimemwambia ukweli wote, mpaka nyundo, mpaka gumba la maskini Kaloki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimuombe Kaloki msamaha leo leo, na nikamuomba garini. Kaloki akasema hapana, yeye ndiye wa kunishukuru, kwa sababu sasa anajua hata bega lina kazi. Syokau naye alikuwa amenipa nusu ya soda yake na kusema baba yake atanipigia kesho, anataka kujua mimi ni mtu wa aina gani. Nilikunywa ile soda tulipofika Sultan Hamud, na nikameza bila shida.

Jumatatu, 10 Agosti

Jua limetoka Kikima. Wateja watatu. Dunia ni nzuri.

Mzee Mulinge, baba yake Syokau, alipiga saa tano. Sauti ya upole, sauti ya mzee wa kanisa. Nilikuwa nimejitayarisha tangu alfajiri kusema ukweli mtupu, na nilikuwa nimeurudia mbele ya kioo. Aliuliza wazazi, nikajibu kweli. Aliuliza kazi, nikajibu kweli. Akauliza kanisani ninahudumu katika nini. Nikamwambia mimi ndiye ninayeongoza kwaya.

Sijui ilitoka wapi. Sikuifikiria hata kidogo. Ilitoka laini, haraka, bila kikwazo, na ninaamini ilitoka kwa kisogo. Mzee alifurahi mno, na kulikuwa na kicheko fulani kwenye sauti yake, kama cha bintiye. Amesema Jumapili ya mwisho ya mwezi atakuja Kikima na wazee wenzake kuniona nikiongoza.

Niliweka simu chini nikawa natafakari. Hapo hapo, kwa bahati tu, Mwalimu Nduku akapita akielekea sokoni, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nimepumzika. Ni mama mwema sana. Nikamvutia kiti. Nikamwambia ninamheshimu mno na ningependa kujifunza. Akiinua mikono kuanzisha wimbo, huwa ni upi unaotangulia?

Ameweka kikapu chini. Anafikiria.