Kamati ya Kurejesha Ukristo wa Mwanzo

"Wanafunzi wote mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, shule hii itaishi kama walivyoishi Wakristo wa kwanza." Mwalimu Ulimboka, makamu mkuu wa shule ya bweni iliyoko nje kidogo ya Hombolo na mwenyekiti wa Kamati, aliisoma taarifa hiyo kama anayewasilisha bajeti bungeni. Kisha akaenda kunywa chai.

Utafiti wa Kamati yake ulibaini kwamba Wakristo wa kwanza walifunga Jumatano na Ijumaa. Siku hizo jiko halikuwashwa. Wanakamati wao walikula kama kawaida, kwa kuwa mtu hawezi kutafiti njaa akiwa na njaa. Matokeo yangeegemea upande mmoja.

Yotham wa kidato cha tatu aliuelewa sana utaratibu huo. Kila Ijumaa aliuelewa zaidi, akipita chini ya dirisha la ofisi, wanakamati wakitafuna kuku wa kununua.

"Shikamoo, Mama Paulina," alimwambia mpishi. "Hata ukoko hamna?"

"Marahaba, baba. Ningekuwa mwenyekiti mngekula. Mimi mwenyekiti wa masufuria."

Uchaguzi wa mwenyekiti ulipokaribia, Mwalimu Ulimboka aliahidi kwamba akirudi madarakani ataongeza mfungo wa Jumatatu. Kampeni akazipiga marufuku. Mitume, alifafanua, waliokota jina tu, Mungu akachagua. Majina ya wafanyakazi wote yangetiwa kwenye chungu, naye angeyaandika mwenyewe ili asiwasumbue wengine.

Ijumaa ya uchaguzi, Mchungaji Anjelina, mkuu wa bodi ya shule, alikuja kutoka Kikuyu, mjini. Akaingiza mkono chunguni, akakunjua karatasi.

"Paulina."

Wanafunzi walipiga makofi, na waliokuwa hoi kwa njaa wakapiga meza. Mama Paulina akauliza kama ni yeye au kuna Paulina mwingine.

"Si halali," akasema Mwalimu Ulimboka. "Makaratasi yamebadilishwa."

"Umejuaje, Mwalimu?"

"Jina hilo haliwezi kutoka, Mchungaji. Niliandika yote kwa mkono wangu, na hakuna hata moja lenye..."

Mchungaji akaokota la pili. Paulina. La tatu, Paulina.

"Na yale yako yalikuwa na jina la nani?"

Mwalimu akajibu kwamba suala hilo bado liko kwenye mchakato.

"Wakristo wa kwanza waliungama mbele ya kusanyiko," akasema Mchungaji. "Nani kayabadilisha?"

Darasa zima likamgeukia Yotham, kwa upendo wa kindugu. Akasimama.

"Ni mimi, Mchungaji. Nilitoa ya Mwalimu, nikatia yangu."

"Ya Mwalimu yako wapi?"

Yotham akatoa mfukoni fungu la makaratasi, akayamwaga mezani. Ulimboka, Ulimboka, Ulimboka, mpaka la mwisho.

"Nilitaka kuyachoma, Mchungaji," akaungama, "ila leo Ijumaa. Jiko halijawashwa."