Jinsi Nassibu wa Mtendeni Alivyoliokota Jani Ugenini

Sogeeni, enyi watu wa Mtendeni na Chemchem! Zimeni redio, tueni vikombe, na mwenye mtoto anayelia amnyamazishe, maana habari niliyonayo leo haisikilizwi kwa sikio moja. Namleta mbele yenu Nassibu bin Sabiri, fundi cherehani wa hapa hapa sokoni kwetu, kitukuu cha wapagazi waliobeba pembe kwa miguu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, yeye aliyevuka bahari asizozijua majina, akasimama uso kwa uso na shujaa wa Kimaori aliyemtolea ulimi, akainama, akaokota jani. Naam, jani! Nani huyo anayecheka huko nyuma? Ngoja kwanza, kicheko chako kitapata kazi baadaye.

Basi ikawa, Asmahani binti Nurdini, mkewe Nassibu, alikwenda kusomea uuguzi Nyuzilandi, nchi ya visiwa viwili vikubwa, akapanga chumba kwa mama mmoja wa Kimaori aitwaye Bi Mereana. Mama yule akampenda kama aliyemzaa, akamuuguza alipougua, akamtafutia nyama halali bila kuombwa. Masomo yalipokwisha, Nassibu akafunga safari kumfuata mkewe amrudishe nyumbani, na kabla ya kuondoka wakakodi gari lenye kitanda na jiko ndani yake, wakazunguka visiwa vyote viwili. Kituo cha mwisho kilikuwa nyumbani kwa ukoo wa Bi Mereana, kwani ukoo mzima ulitaka kumwona huyo mume.

Ee ulimi wangu, nisaidie, maana sasa nasimulia aibu! Safari ile ilikuwa ya milima yenye theluji kiangazi, maziwa ya buluu, na maji yachemkayo ardhini bila kuni, lakini kila palipotakiwa ushujaa, shujaa wetu hakuonekana. Walipofika kwenye daraja ambalo watu hujirusha wamefungwa kamba miguuni, Nassibu aliinua mkono akamhutubia mwenye kamba: "Ewe kijana! Mimi nina cherehani mbili na mama mzee. Kamba yako nimeiona, nimeisifu, sasa iweke mbali nami!" Asmahani akakaza hijabu yake, akajirusha yeye, akapiga vigelegele mpaka chini. Kwenye mtumbwi wa mpira, maji yalipochachamaa, Nassibu aliacha kasia akamkumbatia mkewe kiuno, akabaki hivyo hadi ufukweni.

Asmahani alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Lakini asubuhi ya kwenda ukweni kule, usukani mkononi, hakucheka.

"Mume wangu," akanena, "la darajani nimesamehe. La mtoni nimesamehe. La leo sitaweza. Watu wale wamenilea. Nataka nisimame ubavuni mwako niseme huyu ndiye mume wangu, na nisione haya. Sikiliza desturi yao. Tutasimama langoni kimya, kimya kabisa, mpaka wanawake wa nyumba watuite kwa sauti ya wimbo. Lakini kabla hawajaita, atatoka shujaa wao kutupima kama tumekuja kwa shari au kwa heri. Ataweka jani chini. Mkuu wa wageni ataliokota bila kumwondolea macho. Mkuu wa wageni ni wewe."

"Na nikishindwa?"

"Mimi nitaingia. Wewe utalinda gari."

Neno lile lilimchoma Nassibu kuliko sindano yoyote aliyowahi kujidunga kazini. Akavaa kanzu yake nyeupe, akaweka kofia sawasawa, akajiapia moyoni kwamba leo, potelea mbali, hatakimbia.

Wakafika langoni. Mbele yao uwanja wa majani mafupi, na mwisho wake nyumba kuu ya ukoo, imechongwa nguzo zote. Watu wamejipanga barazani, kimya. Wageni nao kimya. Sasa niambieni, ninyi mliolelewa hapa Tabora: mtu wa kwetu, mwenye mama, mwenye chuo alichosoma, atasimamaje kwenye lango la watu, anawaona wenyewe wamekaa, asiseme kitu? Nassibu alivumilia. Alihisi mama yake anamtazama kutoka Mtendeni. Na malezi yakamshinda!

"Hodi!" akanguruma. "Hodi wenyewe! Hodi!"

Ndege wakaruka kwenye paa. Barazani mtu akaangusha fimbo. Asmahani akafumba macho, akamfinya mumewe ubavuni kwa vidole vya muuguzi, ambavyo, wallahi, havina huruma.

Hapo akatoka Tamati, mpwa wake Bi Mereana, siku za kazi ni fundi bomba, lakini siku ile alikuwa radi yenye miguu! Kifua wazi, mkuki wa mti ukizunguka kama feni, macho yamemtoka, ulimi nje mpaka kidevuni. Nassibu akaamini kwamba anakuja kumwadhibu kwa ile hodi. Mguu mmoja ukageuka wenyewe kuelekea gari.

Akamtazama Asmahani. Macho ya mkewe yalikuwa yamejaa machozi, naye aliona haya kama mtoto aliyechekwa shuleni. Nassibu akaurudisha mguu.

Tamati akaweka jani chini, akarudi nyuma akitikisa mkuki. Nassibu akasonga, macho kwenye macho, akachuchumaa, akanyoosha mkono. Na upepo, adui asiye na haya, ukalivuta jani pembeni! Akapapasa: nyasi. Akalifuata amechuchumaa vile vile, kanzu ikiburura, shingo wima, macho hayapepesi. Jani likakimbia, naye akalifuata. Akakanyaga kanzu, akayumba, akasimamia kiganja, asitazame chini! Fundi wa miaka yote hutafuta sindano iliyoanguka huku macho yakiwa kwenye mshono. Vidole vikatambaa, vikagusa, vikabana. Akainuka na jani kifuani, jasho likimtiririka, uso kwa uso na Tamati.

Tamati akaingiza ulimi ndani. Wanawake wakapaza mwito wao mrefu, na wageni wakaingia.

Baada ya hotuba na nyimbo, Bi Mereana akauliza kwa Kiingereza: "Mwanangu, ulipiga kelele gani pale langoni?"

Nassibu akajibu: "Mama, nilikosa. Kwetu mtu haingii kwa watu bila kuomba ruhusa. Nilishindwa kunyamaza."

Mama yule akamshika mabega, akaweka paji la uso wake kwenye paji lake na pua kwenye pua, kama wafanyavyo wao kwa mtu wa nyumbani, akakaa hivyo mpaka Nassibu akalia waziwazi.

Asmahani akasimama ubavuni mwake, akawageukia wote, akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyosema darasani siku zote: "Huyu ndiye mume wangu!"

Na ijulikane basi, kuanzia Unyanyembe hadi mwisho wa dunia, kwamba siku ile jani moja, dogo, bichi, liliokotwa na mtu wa kwetu. Mnaotaka vita vikubwa kuliko hivyo, nendeni mkaulize mitaa mingine. Sisi wa Mtendeni tumeshashinda.