Aliyekosa pa Kukaa

Katika bonde letu, hapa kaskazini mwa Wales, hajapata kutokea mtu aliyekuwa chipukizi kwa muda mrefu kama Tegwyn Prydderch. Wenzake walichipuka, wakachanua, wakazaa matunda, na wengine wakapukutika na kuzikwa nyuma ya kanisa. Yeye alikuwa angali anachipuka, na nywele alikuwa ameshazimaliza!

Wala hakuwa chipukizi wa fani moja. Alitunga mashairi, alichora, alichonga, aliimba, na alicheza ngoma ya viatu vya mbao.

"Sanaa zote ni ndugu, mzee," alizoea kuniambia, "na mimi ndiye baba yao."

Nami kila nilipoitazama michoro yake, niliwahurumia watoto hao kwa kukosa malezi.

Kila mwaka, mwezi wa Mei, wasanii wetu ambao hawajawahi kushinda popote hukutana katika ukumbi wa kanisa. Jina la mkutano huo katika lugha yetu maana yake ni Kikao, na ni kikao kwelikweli, maana mshairi bora hukalishwa kitini mbele ya watu wote. Tena si kiti cha kukunja! Ni kiti cha mwaloni, chenye mgongo mrefu na nakshi za majani, na mtu akishakipata, hata mchungaji humtangulia kwa salamu.

Mwaka ule Tegwyn alikuwa na hakika kwamba kiti ni chake. Hakika iliyopitiliza! Siku chache kabla ya Kikao alikibeba kiti cha zamani cha mama yake, Mama Morfudd, kile chenye mto uliokwisha kushika umbo la mwenyewe, akaenda kukitupa jalalani, ili kiti cha ushindi kipate nafasi karibu na moto.

"Na mimi nikae wapi?" mama akauliza.

"Vumilia, mama. Jumamosi utakaa kiti cha bingwa."

"Leo Jumatatu, Tegwyn."

"Si kuna ndoo jikoni?"

Sasa, kwa desturi yetu mshairi haandiki jina lake. Huandika lakabu, ili mwamuzi asipendelee jamaa zake. Mtu wa kawaida hupeleka shairi moja chini ya lakabu moja. Tegwyn akaamua kupeleka matano, "ili angalau nishindane na mtu wa kiwango changu." Manne aliyapeleka mwenyewe. Alipofika la tano, akachoka.

"Mama, hili mpelekee katibu. Lipe lakabu yoyote tu, zangu zimeniishia."

Mama Morfudd akainuka kwenye ndoo, akavaa koti, akaenda.

Jumamosi ikawadia. Asubuhi ilikuwa zamu ya fani nyingine, na Tegwyn alikuwamo katika zote. Kijiko chake cha kuchonga, kile ambacho kijana humpa mchumba, kilidhaniwa kuwa koleo. Katika wimbo, mbwa wa kondoo waliokuwa nje walimwitikia kwa uaminifu mkubwa. Na katika ngoma, kiatu chake cha kushoto kilimtoka mguuni, kikapaa juu ya vichwa vya watu, kikatua ndani ya birika la chai ya kwaya!

"Pole, Tegwyn," nikamwambia.

"Pole ya nini, mzee? Hivyo vilikuwa vitafunio. Karamu ni kiti."

Alasiri, mwamuzi, Bwana Cynfelyn, akapanda jukwaani. Mimi nilisimama kando yake na tarumbeta, kazi niliyoanza tangu shule ya Jumapili.

"Mwaka huu," akasema, "tumepokea mashairi matano."

Nilimwona Tegwyn akishika mdomo. Matano! Na yeye alipeleka matano! Basi katika ukumbi mzima hakuwa na mpinzani ila nafsi yake mwenyewe! Akaegemea nyuma, akakunja nne.

Mwamuzi akaanza na waliokosa. "'Tai wa Kilele' ameruka, naam, kama kuku anayefukuzwa. 'Radi ya Milima' ina kishindo, mvua hakuna. 'Nabii wa Ukungu': ukungu nimeuona, nabii sijamwona. Na 'Mto Usiolala' umetulaza sisi."

Watu wakacheka, na Tegwyn akacheka kuwashinda wote, machozi yakimtoka.

"Lakini la tano," mwamuzi akaendelea kwa sauti iliyolegea, "limeniliza. Tarumbeta itakapolia, na asimame 'Aliyekosa pa Kukaa', naye peke yake."

Lakabu gani hiyo! Tegwyn akatikisa kichwa kwa kusifu. Mama naye ana kipaji kidogo!

Nikapuliza. Tegwyn akasimama kama mshumaa. Akainama kulia, akainama kushoto, akambusu Heulwen mfumaji, aliyeketi kando yake na aliyekuwa na haraka ya kugeuza uso. Akaongozwa jukwaani, akavikwa joho, akakaa. Upanga ukainuliwa juu ya upara wake, kama ada ilivyo, na mwamuzi akauliza ukumbi, maana watu wasipoitikia "Amani!" ushindi hauthibitiki:

"Je, kuna amani?"

"Hakuna!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Mama Morfudd alikuwa ameanza kusimama tangu tarumbeta ilipolia, ila magoti yake yana taratibu zao.

"Mama, kaa chini!" Tegwyn akanong'ona kwa nguvu.

"Nikae wapi? Hicho ulichokalia ni changu."

Bwana Cynfelyn, mtu mwenye busara, akamgeukia Tegwyn. "Tafadhali tusomee ubeti wa kwanza."

Tegwyn akakohoa. Akatazama dari. Akataja radi, akataja tai. Ndipo mama akasoma pale pale aliposimama:

"Kiti changu cha zamani
kimekwenda jalalani,
nashinda humu jikoni
nimeikalia ndoo."

Tegwyn akavuliwa joho mbele ya bonde zima. Mama Morfudd, aliyekuwa hajawahi kutunga hata salamu ya Krismasi, akakalishwa. Tulipoulizwa tena kama kuna amani, tulijibu hadi madirisha yakatetemeka.

Jioni nilisaidia kukibeba kiti hadi kwao. Kiliingia karibu na moto sawasawa, maana Tegwyn alikuwa amekipimia vizuri. Mama akaketi, akashusha pumzi. Tegwyn akaivuta ndoo.

"Mama," akasema, "na lile shairi langu la tano?"

"Nililisoma kabla sijatoka jikoni, mwanangu."

"Ukalionaje?"

Mama akampapasa upara kwa huruma.

"Zuri. Siku ile kuni zilikuwa mbichi, lakini liliwaka mara moja."